Miche Minne ya Chupa Namba Sita: Mama Asha Yuma Anatuaga

Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, saa tisa alasiri, Mama Asha Yuma atalitundika koti lake jeupe la maabara kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi katika Kituo chetu cha Mabwawa. Barua yake ya kustaafu ilisema tarehe 30 Juni. Mwezi huo mmoja wa ziada hakulazimishwa na mtu. Aliuomba mwenyewe, na sababu yake nitaieleza mbele, maana ndiyo iliyochelewesha hata programu hii ya sherehe ya kumuaga kufika kwa mchapaji.

Anayeandika ni Laurent Kangwa, mpima maji wa kituo, niliyefanya kazi meza ya pili kutoka kwake tangu mwaka 2011. Mkurugenzi wetu, Bwana Liévin Kunda, alisema amenichagua kwa kuwa naandika vizuri. Mama Asha akasema nimechaguliwa kwa kuwa mwezi wa saba maji huwa yamepungua na mpima maji hana la kufanya. Sikubishana na yeyote kati yao.

Mama Asha alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, katika familia iliyotoka Kasongo, kule Maniema. Baba yake alikuwa fundi saa, na binti alikulia chini ya meza ya kazi akitafuta skrubu zilizodondoka, vitu vidogo kuliko chembe ya mchele. Anaamini hapo ndipo macho yake yalipofunzwa. Alipoajiriwa tarehe 1 Aprili 1989 alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kazi aliyopewa ilikuwa kuosha vioo. Mtaalamu wa mimea wa wakati ule alikuwa na haraka na macho mabovu. Mwoshaji vioo akawa anamnong'oneza majina, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na haja ya kunong'ona.

Kazi yake kubwa, kwa wasioifahamu, ni kutambua mimea midogo inayoelea juu ya maji baridi. Ukisimama kando ya bwawa unaona zulia la kijani, unasema "uchafu", unaendelea na safari. Mama Asha huona watu wa koo mbalimbali waliokaa mkeka mmoja. Wapo wale ambao Kifaransa huwaita lentilles d'eau, nasi kituoni tunawaita dengu za maji. Wapo wenye mzizi mmoja, wapo wenye mizizi mingi na tumbo la zambarau, na wapo wadogo kuliko wote, wasio na mzizi hata mmoja, ambao ukiwashika vidoleni utadhani ni chembe za semolina. Ipo pia saladi ya maji, ambayo ikikua ni kubwa kama kabichi na hulifunika bwawa zima hadi samaki wakose hewa. Shida ni kwamba mche wake mchanga hautofautiani sana na dengu.

Njia yake ya kutofautisha aliifundisha kila mgeni aliyepita maabara. Ligeuze jani, hesabu mizizi, halafu lidondoshee tone la maji mgongoni. Tone likitandaa, jani ni laini, hiyo ni dengu. Tone likisimama kama ushanga, basi jani lina vinyweleo, hiyo ni saladi, nawe uanze kuhangaika. Wanafunzi wenye kujiona aliwapa kisahani cha zile chembe zisizo na mizizi na kuwaambia wahesabu mizizi kwa uangalifu. Mmoja alileta jumla ya mia mbili na kumi na moja. Leo ni mtu mkubwa, simtaji.

Mwaka 1991, wakati maduka na maofisi ya mji yalipokuwa yakiporwa, Mama Asha aliifunga hadubini pekee ya kituo katika kitenge, akaizika ndani ya gunia la unga na kupita nalo kichwani mbele ya watu waliobeba milango na mabati. Aliulizwa mara mbili amebeba nini, akajibu ni unga wa bukari, ugali wa huku kwetu, kwa ajili ya watoto. Hadubini hiyo bado inafanya kazi, ingawa mafundi waliopita wote wameshangaa unga unatoka wapi.

Kisa cha mfereji nacho hakina budi kusimuliwa. Mkaguzi mmoja alipotarajiwa kufika, Falonne, msafishaji wetu, alimwaga kisahani chenye maji ya kijani kilichokaa dirishani. Zilikuwa zile dengu ndogo kuliko zote, Mama Asha alikuwa amezitunza miezi miwili. Hakugomba. Alitoka nje, akainama juu ya mfereji wa nyuma ya jiko kwa muda mrefu, kisha akarudi na kuandika kwenye daftari la kituo: Bwawa Namba 9, dengu zisizo na mizizi, hali njema. Hadi leo mfereji huo tunaupima kila mwezi na Falonne ndiye mlinzi wake.

Wengi mjini wanamkumbuka kwa ajili ya bwawa jekundu la Ruashi. Ilikuwa Julai 2009, msimu wa baridi, na asubuhi moja watu wakakuta maji yamekuwa mekundu kama tofali. Kwa kuwa kuna mgodi karibu, hakuna aliyesubiri kuelezwa. Lisemwalo lipo, wakasema, na mgodi umemwaga sumu. Wengine walishaanza kuwatoa samaki na kuwazika. Mama Asha aliteka maji mekundu kwa bakuli lake la chakula, akawavalisha jichoni kioo chake cha kukuzia na kuwaonyesha, mmoja mmoja, kwamba kilichoelea ni kangaga dogo la majini, ndugu wa mbali wa yale yanayoota kwenye mawe yenye unyevu. Jina lake la kitabuni ni Azolla, na baridi ikilipiga hubadilika rangi. Maji yalipimwa pia, yakaonekana salama. Tangu siku hiyo Ruashi nzima ilimwita Mama Azolla, jina alilojifanya halipendi.

Sasa nije kwenye huo mwezi wa ziada.

Bwana Liévin aliponiagiza niandike, alitaka jambo moja lisikose: bwawa la Mama Constance Mwelwa, kwenye njia ya Kipushi. Mama Constance anafuga tilapia katika mabwawa matatu. Mwezi wa nane mwaka 2013 alileta habari kituoni kwamba maji yake yamefunikwa na kijani, akataka kujua ni kitu gani. Nilitumwa mimi nikachukue sampuli, kwa kuwa wiki hiyo Mama Asha alikuwa akimwoza binti yake Yasmine na asingeweza kutoka mjini. Nilirudi na chupa namba sita, ya kioo, ambayo zamani ilikuwa ya mayonezi. Ndani yake Mama Asha alikuta dengu nyingi zenye tumbo la zambarau, na katikati yake miche minne ya saladi ya maji, midogo kama ukucha wa mtoto.

Dengu ni chakula kizuri cha tilapia, na cha bata pia. Lakini zikishachanganyika na miche ya saladi hakuna wa kukaa kuchambua, na saladi ikikua imekwisha habari ya samaki. Mama Asha alimpigia simu Mama Constance, akamshauri aondoe kijani chote na asiache kukiondoa. Mama Constance alitii. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili aliingia majini na binti zake, wakiwa na reki na fremu ya chandarua kikuukuu, wakasafisha mabwawa yote matatu na kuuanika uchafu ule juani hadi ufe. Chakula cha samaki akawa ananunua. Saladi haikuonekana hata mara moja, nasi kila mwaka tulisema: mmeona, ushauri umefaulu. Picha ya mabwawa yake imetundikwa kwenye ukumbi wetu.

Katika miaka hiyo Mama Constance na Mama Asha walikuwa wamoja. Mama Constance alimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Hakuna Idi iliyopita bila samaki kutoka njia ya Kipushi, wala Noeli iliyopita bila sufuria ya pilau kwenda huko.

Kwa hiyo niliandika rasimu yangu, nikaipamba kisawasawa, nikampa Mama Asha aangalie tarehe. Alisahihisha tarehe mbili kwa kalamu nyekundu. Alipofika kwenye aya ya Mama Constance aliweka kalamu chini, akasema kwamba jambo hilo hajawahi kuliona kwa macho yake, na mtu hasifiwi kwa alichosimuliwa. Wiki ya mwisho ya Juni tukaenda naye, bila kumwarifu mwenyeji, kutazama tu.

Hakuanzia kwa Mama Constance. Alianza na jirani anayepokea maji kutoka mabwawa hayo, mzee asiyejua reki ni nini. Bwawa lake lilikuwa limejaa kijani ukingo hadi ukingo. Mama Asha aligeuza majani, akahesabu mizizi, akadondosha matone karibu saa nzima. Zilikuwa dengu tupu. Mzee alisema majani hayo yamekuwepo tangu ahamie hapo, samaki wanayala, na kitu kama kabichi hajawahi kukiona. Tulipanda mto kidogo tukatazama mabwawa ya juu, nako hivyo hivyo. Kama saladi ingekuwepo kwa Mama Constance mwaka 2013, maji yangeishusha kwa mzee huyu, naye asingekuwa na bwawa leo.

Tuliporudi maabara alilitoa daftari la sampuli la mwaka ule. Alhamisi, chupa namba sita: Ruashi, bwawa la mtu binafsi, saladi ya maji, nyingi mno. Ijumaa, chupa namba sita: njia ya Kipushi, kwa Constance Mwelwa. Kando ya mistari yote miwili kuna herufi L.K. Mama Asha aliweka kidole kwenye herufi hizo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama chupa ile ilioshwa kati ya siku hizo mbili. Nilijibu kwamba ni zamani, sikumbuki.

Alisema yeye anakumbuka jambo moja, kwamba hakwenda. Siku hiyo hiyo akaandika barua ya kuomba mwezi mmoja zaidi.

Katika hazina ya mimea iliyokaushwa tuna desturi moja tuliyoirithi. Kibandiko cha zamani hakibanduliwi hata kikiwa na kosa. Anayesahihisha hubandika kipya kando yake, akaweka tarehe na jina lake, ili anayekuja nyuma aone nani alidhani nini na lini. Mama Asha alitumia majuma mawili kupitia bahasha zote za mimea aliyoipa majina bila kufika ilikotoka. Zilikuwa kumi na saba, na kumi na sita alizikuta sawa. Kwenye ile ya kumi na saba alibandika kibandiko kipya: Miche minne ya saladi haikutoka katika bwawa hili. Kosa la mtambuzi. A. Yuma. Herufi zangu hakuziandika.

Jumamosi tarehe 12 Julai nikampeleka kwa Mama Constance. Tulimkuta ndani ya maji hadi magotini, reki mkononi, baridi ikiuma. Alifurahi, akaanza kutafuta viti. Mama Asha alikataa kukaa. Alisimama kwenye ukingo na kusema maneno yake moja kwa moja, nami nayaandika kama yalivyotoka, étang ikiwa ni bwawa kwa Kifaransa:

"Constance, iko kosa yangu. Ile majani nilipatia jina bila kufika ku étang yako. Haikukuwa mubaya. Ilikuwa chakula ya samaki yako."

Mama Constance alitoka majini. Aliilaza reki kwenye nyasi, akaketi, akaitazama mikono yake. Nilitamani angepiga kelele, ingekuwa rahisi kwetu sote.

"Miaka kumi na mbili, mama," akasema. "Kila samedi. Batoto yangu balikomalia mu ile maji."

Alisema mama. Yaya hakusema. Mama Asha alilisikia hilo kabla yangu.

Mama Constance aliinuka, akaleta beseni mbili na jozi ya buti za mpira. Akamwambia, "Sasa, ni weye utairudisha." Mama Asha, mwenye umri wa miaka sitini na mitano, alivua viatu, akavaa buti, akapandisha kitenge na kushuka hadi kwa yule mzee jirani. Alijaza dengu na kupanda nazo, maji yakimwagikia mabegani. Nilinyoosha mikono nimpokee. Mama Constance akaniambia niache, mwenye kosa abebe. Alibeba safari tisa, tatu kwa kila bwawa, na hakupumzika. Mimi nilishika viatu vyake.

Tulipewa bukari na samaki, maana mgeni hawezi kuondoka na njaa hata akileta habari mbaya, lakini mazungumzo yalikuwa machache. Njiani kurudi Mama Asha alitazama dirishani hadi tulipoingia mjini. Alilosema ni hili tu: kwamba dengu huongezeka mara mbili kwa siku chache, na mwezi wa nane mabwawa yatakuwa yameshajaa. Habari ya Idi ijayo hakuigusa, na mimi nilijua anaiwaza.

Wiki iliyopita Mama Constance alipiga simu kituoni. Atakuja kwenye sherehe. Aliongeza kwamba anakuja kwa heshima ya miaka, na ataketi nyuma.

Basi programu hii itagawiwa mlangoni, naye atapewa ya kwake. Nimeifikiria aya hii kwa siku kumi. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na daftari baada ya kituo hiki kunizika. Chupa namba sita niliibeba mimi. Mtu wa maji huisuuza chupa yake mara tatu kwa maji ya bwawa analolipima, na hapo kazi imekwisha, ndivyo nilivyofundishwa. Chupa ya majani lazima isuguliwe kwa brashi na kukaushwa juani, kwa sababu miche hunata ndani ya bega la chupa, na Mama Asha alikuwa ameniambia hivyo siku yangu ya kwanza. Ijumaa ile nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi ya Yasmine. Nikaisuuza mara tatu kwenye bwawa la Mama Constance, kama mtu wa maji, na miche minne ya Ruashi ikabaki imenata ndani, ikarudi na chupa maabara.

Aliponiuliza, nilikumbuka vizuri. Nakumbuka mpaka rangi ya kifuniko. Nilisema sikumbuki, kisha nikasimama kando ya maji nikiwa nimeshika jozi ya viatu, nikamwacha mwanamke aliyenifundisha kazi abebe safari tisa za kosa langu mbele ya mtu aliyempenda. Ninaona haya, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Kabla ya kuipeleka programu hii kwa mchapaji nimebandika kibandiko cha tatu kwenye bahasha ile, chenye jina langu lote.

Mama Asha, kituo kizima kinakushukuru: kwa macho yako, kwa gunia la unga, kwa Bwawa Namba 9, na kwa kutufundisha kwamba jina la kitu ni ahadi. Mungu akupe afya, wajukuu wenye maswali mengi na asubuhi zisizo na kengele. Tunakuombea mapumziko marefu na yenye baraka, wewe na wa nyumbani kwako.

Mama Constance, niko safu ya mbele, shati la bluu. Mwenye kosa bado hajabeba. Jumamosi nitakuwa kwako saa moja asubuhi na buti zangu mwenyewe, unipe kazi yoyote uonayo inafaa, kwa Jumamosi nyingi kadiri utakavyo. Lakini leo, kabla hujaondoka ukumbini, tafadhali pita mbele umsalimie yaya wako.

Laurent Kangwa
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kituo cha Mabwawa, Lubumbashi